Kabla ya Kumlipa Mpiga Picha wa Harusi: Yaliyojifunzwa Mbeya na Iringa

Ombi la kwanza kwa mpiga picha yeyote mnayemfikiria liwe hili: tuonyeshe harusi moja nzima, tangu bibi harusi anapopambwa hadi wageni wanapotawanyika. Mwombeni picha zote alizowakabidhi maharusi wale, ziwe mia tano au mia nane, na zile kumi alizobandika Instagram mziweke kando. Kwenye kamati za harusi huku Nyanda za Juu Kusini hakuna ombi linalookoa fedha kama hili, na wenye uwezo ndio wanaoliruka zaidi.

Sababu inaeleweka. Mwenye bajeti ndogo huuliza sana kwa sababu anaogopa kupoteza. Mwenye bajeti kubwa husikia jina, huona bei iko juu, akaamini kwamba bei imeshamjibu. Advansi inatumwa kwa simu siku hiyohiyo, tarehe inafungwa, na kazi inakuja kuonekana miezi miwili baada ya harusi: picha za nje nzuri kupindukia, za kanisani zina giza, na za ukumbini zimewageuza wazazi wa pande zote mbili kuwa zambarau.

Mpiga picha mwenye adabu hatawatumia faili za harusi ya watu kwenye simu. Atakuja na tableti au kompyuta yake, awaonyeshe kazi ya maharusi waliompa ruhusa, mkiwa mmekaa naye. Hiyo ni dalili njema, kwa kuwa zenu pia atazilinda hivyohivyo. Katika harusi hiyo nzima msipoteze muda kwenye picha za maharusi wawili peke yao. Nendeni ukumbini. Tazameni sura za wazee kwenye meza kuu, na mama wa bibi harusi aliyekaa mbali na taa. Tafuteni picha ambayo bibi harusi mwenye gauni jeupe amesimama na bwana harusi mweusi aliyevaa suti nyeusi. Je, nyuzi za gauni zinaonekana? Je, mikunjo ya suti inaonekana? Na sura zao, zina rangi ya ngozi au ya majivu?

Swali la majivu linahitaji maelezo, maana ndiko fedha nyingi inakopotelea. Kamera ikipima mwanga yenyewe na gauni jeupe likajaa kwenye fremu, huona pamezidi weupe, hupunguza mwanga, na nyuso huwa giza. Mpiga picha asiye makini huja kuziinua nyuso hizo kwenye kompyuta, ndipo ngozi inapotoka na chembechembe na rangi ya kijivu. Anayejua kazi huielekeza kamera ipime mwanga wa uso, huku akichunga gauni lisiungue kwa weupe. Jambo hili lina historia. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ikabaki bila kipimo chake. Kamera za leo ni bora mno kuliko hizo, lakini mitindo mingi ya kuhariri inayouzwa mtandaoni bado imetengenezwa kwa ngozi nyingine.

Kwa hiyo amueni mtindo kabla ya kumwamua mtu. Watu wa kazi hii huitofautisha mitindo kwa njia mbili: namna picha inavyopigwa na namna rangi inavyohaririwa. Ya kwanza ina sura tatu. Kuna picha za kupangwa, maharusi wakielekezwa mikono, kidevu na macho. Kuna picha za matukio, mpiga picha akifuata yanayotokea bila kumsogeza mtu: machozi ya baba, shangazi wakicheza, mtoto aliyelala kwenye kiti. Na kuna picha za mtindo wa jarida, zenye taa zake, nguo zilizonyooshwa na mandhari kubwa, ambazo hula muda mrefu kuliko zote. Harusi za huku huhitaji mchanganyiko, na jambo la kupatana ni kiasi. Mwulizeni: katika picha 500 utakazotukabidhi, za kupangwa ni ngapi na za matukio ni ngapi? Anayesema anafanya zote bila kutaja kiasi hajaifikiria harusi yenu.

Upande wa rangi kuna mtindo wa mwanga mwingi na rangi za kufifia, na kuna mtindo wa giza wenye vivuli vizito. Ule wa kwanza uliiga kwa kiasi kikubwa filamu ya kupigia picha ya Fujifilm Pro 400H, ambayo wapiga picha wa harusi wa Marekani waliipa mwanga kupita kipimo ili rangi zilainike. Mwaka 2021 kampuni ilitangaza kuacha kuitengeneza, lakini mwonekano wake umebaki kwenye programu za kuhariri. Ukipakwa juu ya ngozi nyeusi bila marekebisho, unaipausha. Mtindo wa giza nao huigeuza kijani ya mashamba ya chai ya Mufindi na Tukuyu kuwa kahawia, na hapo mtu amesafiri umbali wote ule kwa ajili ya kijani ambayo haipo kwenye albamu. Ushauri wa wengi waliopitia haya ni rangi za kweli: ngozi ibaki ngozi, kitenge kibaki rangi yake, majani yabaki majani. Albamu ya namna hiyo haitachusha mitindo ikibadilika.

Hapohapo mwambieni waziwazi kuhusu kusafisha uso. Chunusi ya siku ile iondolewe. Baka la kuzaliwa, kovu na mikunjo ya uso wa bibi mzee viachwe. Na msikubali mtu yeyote kung'arishwa ngozi. Kuna mabibi harusi waliolia walipoona picha zao, wakasema huyu si mimi, na wakati huo faili za awali zilikuwa zimeshafutwa.

Sehemu hii ndiyo huleta mvutano nyumbani pia. Vijana wanataka jarida; wazazi wanataka ukoo. Mzazi aliyetoa sehemu kubwa ya fedha, na mjomba aliyesafiri kutoka Makambako au Kyela, wana haki ya kuonekana kwenye picha iliyosimama sawasawa. Msilipuuze hilo kwa jina la usasa. Njia iliyofanya kazi ni kuandika orodha ya makundi ya familia mapema na kuipigia hesabu: kundi moja dogo huchukua dakika mbili hadi tatu, kundi la ukoo dakika tano. Makundi 15 ni kama dakika 45, watu wakiwa tayari. Kila upande uteue mtu mmoja anayezijua sura zote na mwenye sauti ya kuita, maana mpiga picha hamjui shangazi mkubwa ni nani. Bila mtu huyo dakika 45 zinakuwa saa moja na nusu, na mnaoibiwa muda ni ninyi wawili, wakati ule mwanga unapoanza kuwa mzuri.

Kuhusu mwanga wa huku, anayetoka Dar es Salaam aambiwe mapema. Mbeya iko magharibi zaidi na saa ya nchi ni moja, hivyo jua huchelewa kuzama kwa dakika 20 na kidogo ukilinganisha na Dar. Mwezi Juni huzama karibu saa 12:35 jioni, Desemba hupita kidogo saa 1. Iringa hutangulia kwa dakika chache. Lakini hiyo ni hesabu ya uwanda ulio wazi. Mkiwa bondeni au mlima uko magharibi yenu, kivuli kinafika mapema, pengine nusu saa kabla. Njia ya uhakika ni kwenda mahali penyewe wiki mbili tatu kabla, saa ileile, na kutazama kivuli kinafika wapi.

Majira nayo yana tabia zake. Mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na Rungwe huendelea kunyesha hata kwingine kukiwa kumekauka. Juni na Julai anga ni safi, lakini baridi huwafanya watu wasimame wamejikunyata, na bibi harusi mwenye mabega wazi huonekana hivyo kwenye picha. Shali au koti jepesi liwe la rangi iliyochaguliwa, lisiwe la kuazima dakika za mwisho. Septemba na Oktoba kuna vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Jioni huleta jua jekundu la kupendeza, mchana huifanya milima ya mbali ififie. Wanaofunga ndoa mara baada ya Pasaka wajue kwamba Jumamosi hizo hugombewa, kwa kuwa makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima. Desemba ni vivyo hivyo, watu wakiwa wamerudi nyumbani. Kwa tarehe hizo, mpiga picha mzuri hutafutwa miezi minane hadi kumi na miwili kabla.

Mahali pa picha za nje pasichaguliwe kwa uzuri tu. Jiwe la Gangilonga linautazama mji wa Iringa na jioni yake ni nzuri, ila ni jiwe: viatu virefu vibebwe mkononi na awepo mtu wa kushika gauni. Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa kwenye barabara ya Mbeya, ina nguzo za udongo na mawe zilizochongwa na mmomonyoko, na saa sita mchana vivuli vyake huwa vikali mno juu ya nyuso. Nendeni asubuhi au alasiri. Mashamba ya chai ni mali ya watu, hivyo kibali kiombwe ofisini kwa maandishi, na umande wa asubuhi huchafua upindo wa gauni kiasi kwamba haliwezi kuingia kanisani siku ileile. Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, huchanua kati ya Novemba na Aprili, yaani katikati ya mvua na tope, kwenye uwanda wa mita 2,600 hivi ambako betri za kamera hushuka haraka kwa baridi. Matema kwenye Ziwa Nyasa ni joto na mchanga, na Milima ya Livingstone nyuma. Ziwa Ngozi ni la kupanda kwa miguu kwenye msitu wenye mwinuko mkali. Gauni la harusi halifiki. Mahali pa mbali hivyo hupigwa picha za kabla ya harusi, siku nyingine kabisa. Siku ya harusi chagueni sehemu moja tu, isiyozidi dakika 20 kwa gari kutoka njia ya kanisa na ukumbi.

Picha hizo za kabla zina faida nyingine ambayo wengi hawaihesabu: ni jaribio. Kabla hamjamlipa sehemu kubwa, mmeona anavyowahi, anavyoongea na watu, anavyoleta kazi siku aliyosema. Akichelewesha picha 40 za kabla, zile 600 atazichelewesha zaidi.

Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya hifadhi kuna ruhusa zake zaidi. Mwambieni awaonyeshe karatasi. "Tutaongea nao palepale" si kibali, na harusi si siku ya maharusi kusimama wakihojiwa.

Kanisani kuna mwenye nyumba. Wakati matangazo ya ndoa yanaendelea kusomwa, mpelekeni mpiga picha kwa padri au mchungaji aulize mambo matatu: flashi inaruhusiwa, mpaka wa kutembea uko wapi, na video itasimama upande gani. Kama flashi imekatazwa, anahitaji lenzi inayofunguka hadi f/2.8 au kwa upana zaidi (namba ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi) na kamera inayovumilia ISO, yaani kipimo cha kuhisi mwanga, ya 3200 hadi 6400. Kuna kosa moja linalojirudia: ili kamera isipige kelele, wanawasha shata (sehemu inayopima muda wa mwanga kuingia kamerani) ya kielektroniki ambayo ni kimya. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za tyubu na LED huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata hiyo huona. Picha ya kuvishana pete inatoka na mistari ya giza iliyolala juu ya nyuso, na hakuna kuhariri kunakoiondoa vizuri. Dawa ni kupiga picha za majaribio katika kanisa lilelile taa zikiwa zimewashwa, na kutumia shata ya kawaida yenye kasi ya sekunde 1/100 au inayokaribiana nayo.

Ukumbini, mpinzani wa picha ni mapambo yenu wenyewe. Taa za zambarau na bluu zinapendeza kwa macho, lakini zikimpiga mtu usoni hazimwachii mhariri rangi yoyote ya kufanyia kazi. Flashi inayorushwa kwenye dari yenye kitambaa cheupe hurudi laini. Ikirushwa kwenye kitambaa cha rangi ya mvinyo, hurudi na rangi ya mvinyo. Basi mpiga picha, mpambaji, DJ na MC wakutanishwe angalau mara moja kabla ya siku yenyewe. Waombeni taa nyeupe ya joto juu ya jukwaa la maharusi usiku kucha, na juu ya njia wakati wa kuingia, kukata keki, kulishana na kutoa zawadi. Rangi zibaki ukutani. Mpiga picha asimamishe taa zake mbili kwenye pembe, miguu ya stendi ikiwa imekandamizwa kwa mifuko ya mchanga, maana watoto hukimbia na watu hucheza. MC awaombe wageni wasiingie njiani na simu wakati maharusi wanaingia. Akisema kwa heshima, watu hutii. Usiku wa baridi, kamera ikitoka nje kuingia ukumbi wenye watu mia nne wanaopumua, lenzi hushika ukungu. Mabegi yaingizwe ndani nusu saa mapema yakiwa yamefungwa.

Sasa watu na fedha. Harusi ya wageni 300 na zaidi, yenye kupambwa sehemu mbili, kanisa na ukumbi, inataka wapiga picha wawili, wa video wawili na msaidizi mmoja wa taa na betri. Bibi na bwana harusi wanapambwa saa zilezile, nyumba mbili tofauti. Mtu mmoja hawezi kuwa kote. Kamera zenye nafasi mbili za memori kadi, ili kila picha iandikwe mara mbili, ni sharti. Jina la mpiga picha mkuu liandikwe kwenye mkataba, kwa sababu makampuni makubwa huuza kwa jina la mwenye kampuni na kumtuma kijana wake. Kijana anaweza kuwa hodari, lakini basi ni harusi yake mliyopaswa kuonyeshwa.

Mkimwita mtu wa Dar, bei aliyoitaja ni mwanzo. Ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara hadi Mbeya. Watu watano wafike siku moja kabla, walale usiku mbili, wale, na wawe na gari la kuzunguka. Ndege hadi uwanja wa Songwe, ulio jirani na Mbeya, huokoa muda, ila mzigo wa taa na stendi hulipiwa, na ukungu wakati mwingine huahirisha safari. Asiwe na tiketi ya asubuhi ya harusi. Jumlisheni yote hayo, kisha mlinganishe na mtu wa Mbeya au Iringa mwenye kazi nzuri anayelijua kanisa lenu na ukumbi wenu. Mara nyingi fedha ya usafiri ingetosha kumwongezea huyu wa hapa mpiga picha wa pili na albamu za wazazi wote. Jina la mjini lina mvuto, hilo halina ubishi, lakini wekeni harusi nzima mbili mezani, yake na ya wa hapa, mzilinganishe ukurasa kwa ukurasa.

Mkataba usiwe wa WhatsApp. Uandike saa za kuanza na kumaliza, na bei ya saa ya ziada, kwani kumbi zetu hazimalizi kwa wakati. Idadi ya chini ya picha zilizohaririwa. Tarehe ya kukabidhi. Atakayekuja kama mkuu akiugua. Na nani ana haki ya kutumia picha. Kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini ugomvi mwingi huzuiwa na sentensi moja iliyoandikwa mapema: picha zipi anaweza kubandika, lini, na kwamba za watoto na za chumba cha kupambwa habandiki bila kuuliza.

Ulizeni pia atahifadhi vipi. Faili ghafi moja ni kama megabaiti 30. Picha 3,000 za siku ile ni gigabaiti 90, bila video. Zinatakiwa nakala tatu, moja ikae jengo jingine, na kadi zisifutwe hadi nakala zihakikishwe kwa kufunguliwa. Anayesema "ziko kwenye laptop" ameziacha mahali pamoja.

Albamu ya sentimita 30 kwa 30 inahitaji picha yenye pikseli zipatazo 3,500 kila upande ili ichapwe safi, kwa hiyo picha zilizotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, zikiwa zimepunguzwa, hazifai kuchapwa. Chagueni picha 80 hadi 120, na mchague ndani ya wiki tatu. Ucheleweshaji mwingi wa albamu huanzia kwa maharusi wenyewe. Ombeni kuona mpangilio wa kurasa kabla haujaenda kuchapwa. Mkague tahajia ya majina na tarehe, na mikono au vichwa visikatwe na mkunjo wa katikati.

Na malipo. Asilimia 30 wakati wa kusaini na 40 wiki ya harusi ni mpango unaokubalika. Ile 30 ya mwisho isilipwe hadi picha, video na albamu viwe mkononi. Hapa ndipo kamati huharibu bila kukusudia: mwenyekiti anataka kufunga hesabu kabla ya vunja kamati, mhazini anamlipa kila mtu usiku uleule, na mpiga picha anaondoka akiwa amemaliza kudai. Kazi iliyolipwa yote hukaa nyuma ya kazi ambazo bado zina deni. Mhazini aitenge fedha hiyo mapema, aiandike kwenye taarifa ya hesabu kama deni la harusi, na kiasi hicho kikabidhiwe kwa mzazi mmoja au msimamizi, awe ndiye wa kumlipa siku albamu itakapoletwa.